Marehemu wa Kwenye Karatasi

Kuna watu ukiwapa kalamu hawawezi kuiacha bila kupamba, na Shadiah alikuwa mmoja wao. Fomu ikimwuliza moja, yeye hujibu mawili. Mteja akisema kahama nyumba, Shadiah ataandika kahama kwa masikitiko. Bosi wake, Wakili Zubair, alimwonya mpaka akachoka, akamwambia sheria si bibi harusi, haihitaji hina. Shadiah alicheka tu, akaendelea kuandika. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Basi hawakuwahi kuiona kalamu ya mwanamke huyu. Na ubaya ni kwamba kichwa kilichoponzwa hakikuwa chake.

Ofisi yao iko Jinja mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Si ofisi ya kesi kubwa. Pale huja mtu ambaye kitambulisho kimemwandika jina la ajabu, huja mama aliyeitwa mchawi mbele ya waumini wenzake, huja majirani wawili waliogombania ukuta mpaka watoto wao hawasalimiani. Shadiah ndiye karani. Yeye husikiliza, yeye huandika, wakili husoma na kutia sahihi. Kazi aliijua, asikudanganye mtu.

Mwezi wa tatu alikuja kijana mmoja, Griffin, Mmasaba wa Mbale anayefanya kazi kiwandani huku Jinja. Alitaka kubadili jina la mtoto wake wa miezi minne. Walipomzaa walimwandikisha Griffin Junior, kwa maringo ya ujana, na tangu siku ile mtoto halali, hanyonyi, analia mpaka sauti imemkauka. Walimpeleka hospitali mara mbili, wakaambiwa hana kitu. Kisha mwezi wa pili mama yake Griffin, Topista, akaota mumewe kasimama mlangoni anadai chake. Kwao Wamasaba ndoto ya namna hiyo haihitaji mkalimani: babu aliyefariki anataka jina lake likae kwa mjukuu. Wakamwita mtoto Mafabi, jina la babu, na siku ile ile akanyonya, akalala. Sasa walitaka serikali nayo imjue hivyo.

Shadiah ni Mnubi, mzaliwa wa Jinja. Kwao mtoto hupewa jina la babu hata babu mwenyewe akiwa amekaa pale pale anakunywa chai, na babu hufurahi. Kwa hiyo hakuona uzito wowote. Alimwuliza Griffin, kwa mazoea yake ya kutaka kujua, babu yuko wapi. Griffin akainama. Akasema baba yake alikuwa dereva wa lori, na lori liliteketea njia ya Juba mwaka 2016. Utingo alirudi peke yake, na wala mfupa haukuletwa. Tangu hapo wazee wa ukoo hawajathubutu kusema amekufa, wala kusema yu hai. Mama yake anangoja tu.

Fomu haikuuliza hayo. Fomu ilitaka jina la zamani na jina jipya, basi. Lakini Shadiah aliingiwa na huruma, na huruma ikimwingia yeye lazima itokee kwenye karatasi. Akaandika kwamba mtoto amepewa jina hilo kwa heshima ya babu yake, marehemu Wilson Mafabi wa Mbale. Akaisoma tena, akaona inapendeza. Wakili alikuwa na haraka ya kwenda mahakamani, akatia sahihi bila kuuliza. Mwezi wa tano tangazo likatoka katika Gazeti la Serikali, na neno lile limo.

Sasa sikiliza. Jumatatu moja ya mwezi wa nane, saa tano asubuhi, Shadiah aliinua kichwa akaona mzee ameketi kwenye kiti cha wateja. Hakumsikia akipanda ngazi, na ngazi ile ni ya mbao, hata paka akipanda utamjua. Alikuwa mrefu, amekonda, shingo ina kovu la moto upande mmoja, kofia ameishika magotini. Alisema yuko pale tangu ofisi ilipofunguliwa, na kwamba amemsalimu Shadiah mara tatu.

Shadiah aliona haya, akamwomba radhi, akamwuliza shida yake. Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa, nakala ya tangazo, akaweka kidole juu ya neno moja.

“Mimi ndiye huyu,” alisema. “Nani aliniandika hivi?”

Shadiah alijibu kwamba ofisi huandika inachoambiwa na mteja, na wakati maneno yanamtoka alijua kabisa ni uongo. Mzee hakubishana. Alianza kueleza, kwa Kiswahili kile cha madereva wa barabara ya Mombasa, taratibu, kama mtu ambaye hajasikilizwa siku nyingi.

Lori liliungua kweli, na utingo akakimbia kweli. Yeye alitolewa na watu wasiomjua, akauguzwa, na huko Yei, Sudani Kusini, mwanamke mmoja akamchukua kwake. Wakakaa. Simu alikuwa nayo. Namba ya mkewe Topista aliijua kwa kichwa. Kila mwezi alijiambia mwezi ujao atapiga, na kila mwezi aibu ikazidi kuwa nzito, mpaka miaka minane ikapita. Mwanamke wa Yei alipofariki, mwezi wa tatu mwaka huu, alirudi. Lakini alifika Jinja akakwama. Alipanga chumba mtaa wa Masese, akapata kazi ya kulinda ghala za samaki, akawa anajikusanyia ujasiri wa kwenda Mbale kumtazama mkewe usoni.

Halafu tangu mwezi wa tano mambo yakageuka. Watu wa Masese waliacha kuitikia salamu yake. Muuza chapati alihudumia walio nyuma yake, akafunga, akaondoka. Mwenye nyumba alichungulia chumbani, akasema hakuna mtu, akafunga kufuli na yeye mzee amekaa kitandani. Alidhani ni dharau tu ya watu kwa maskini. Mpaka wiki iliyopita, pale ghalani, redio ya Mbale ilisoma matangazo ya mazishi, na jina lake likasomwa. Jumamosi, saa saba mchana, ukoo utazika shina la mgomba badala ya mwili, kwa kuwa sasa karatasi ya serikali imethibitisha kwamba Wilson Mafabi ni marehemu.

“Kwetu jina la aliye hai halipewi mtoto,” alisema. “Ukilitoa, umemtoa mwenyewe. Na mgomba ukishafukiwa kwa jina langu, hakuna wa kunifukua.”

Alitaka jambo moja tu. Serikali ile ile iliyomwandika amekufa imwandike yu hai, kabla ya Jumamosi, ili aingie kwenye uwanja wake na Topista amwone. Ahukumiwe, atukanwe, apigwe hata mwiko wa kichwa, lakini aonwe.

Shadiah akaenda kwa wakili kumweleza. Wakili Zubair alisikiliza huku anatafuta miwani yake, akacheka kidogo. Alisema kama mzee anataka kushtaki kwamba amechafuliwa jina, hana kesi, maana kumwita mtu marehemu si kumchafua. Hakuna anayesifiwa kama marehemu. Lakini njia ipo. Mzee ale kiapo kwa maandishi kwamba yu hai, kisha tangazo la masahihisho litoke. Akatoka chumbani kwake, akasimama katikati ya ofisi, akamtamkia Shadiah maneno ya kiapo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Shadiah akachapa. Alipomaliza wakili akauliza huyo mzee mwenyewe atakuja lini.

Mzee alikuwa ameketi mbele yake, mkono ukinyooshwa unamgusa. Shadiah alidhani ni utani, ila Zubair si mtu wa utani kabla hajala. Akamwonyesha kiti. Wakili akakitazama kiti, akafuta miwani, akakitazama tena, akasema sawa, akija uniite. Akarudi chumbani kwake.

“Umeona,” mzee alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha Shadiah.

Jumanne walijaribu alama ya kidole. Mzee alikandamiza gumba kwenye pedi ya wino, likatoka jeusi ti, akakandamiza kwenye karatasi. Karatasi ikabaki nyeupe. Mara ya pili, mara ya tatu, nyeupe. Wakavuka barabara kwenda kupiga picha za pasipoti. Mwenye studio alimwambia Shadiah akae sawa, Shadiah akasema si yeye, ni mzee, na mwenye studio akaitikia kwa namna ya mtu anayemwitikia mgonjwa. Zikatoka picha nne za pazia la bluu. Alisema mashine imeharibika, akampiga picha Shadiah mwenyewe kujaribu, na Shadiah akatoka vizuri, macho yamemtoka tu.

Jumatano wakaenda kwa kamishna wa viapo, mzee wa miaka mingi ambaye ameapisha nusu ya mji ule. Sheria inamtaka amwone kwa macho yake anayeapa. Mafabi alisimama mbele ya meza, akavua kofia, akainua mkono, akaapa kwa sauti ambayo ingesikika mpaka barabarani: kwamba yeye ni Wilson Mafabi, mwana wa Mbale, na kwamba yu hai. Kamishna akajikuna sikio. Akamwomba Shadiah afunge dirisha, kuna kelele nje. Kisha akamrudishia karatasi bila mhuri, akamwambia kwa hasira kidogo kwamba mtu anayedai yu hai, la kwanza ajitokeze.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Shadiah alikuwa akilisema neno hilo tangu utotoni, kwa mizaha, akisengenya harusi za watu. Usiku ule alilikumbuka, likamkosesha usingizi.

Alhamisi alifika ofisini akakuta kiti kitupu. Alifanya kazi, akanywa chai, akajiambia labda mzee amekata tamaa, na moyoni, tuseme kweli, akapata nafuu kidogo. Saa nne ilipopita ndipo akasikia mtu anapumua. Akageuka. Ikamchukua muda, macho yakitafuta kama yanavyotafuta sindano kwenye zulia, mpaka akamwona. Alikuwa pale muda wote. Shadiah akaelewa kwamba yeye naye anaishiwa na uwezo wa kumwona, na kwamba siku si nyingi atakitazama kiti kile kama wakili alivyokitazama. Hapo uongo ukamshinda kuubeba.

“Mzee, ni mimi niliyeandika,” alisema. “Griffin hakusema neno hilo. Nililiongeza mwenyewe.”

“Najua, binti yangu. Ndiyo maana wewe peke yako unaniona.”

Alilia, Shadiah, na hakujali wakili akimsikia. Alipomaliza kulia alijipangusa, akamwambia mzee kwamba Jumamosi watakwenda wote Mbale. Ijumaa jioni akatia kwenye mkoba nakala ya tangazo, kiapo kisicho na mhuri, fomu mbili tatu tupu, na mhuri wa ofisi, ambao hakumwomba mtu. Kwa kosa hilo angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na alilijua.

Walifika kabla ya saa sita. Nyumba ya Mafabi iko nje ya mji, chini ya majabali ya Wanale, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa tohara, ngoma za kadodi zilisikika kutoka ng’ambo ya bonde. Uwanjani kulikuwa na mahema mawili na watu wengi. Katikati, juu ya meza, shina la mgomba limelazwa, limefungwa blanketi, na juu ya blanketi wamelivisha koti la zamani la kijivu. Mzee alilitazama koti lile. Alisema Topista ndiye aliyelinunua, na kwamba kifungo cha tatu kilikuwa kimekatika, sasa kimeshonwa.

Topista alikuwa ameketi mkekani, mwanamke mnene mwenye uso mtulivu, mjukuu mapajani. Mzee akamwendea. Alipita katikati ya watu na hakuna aliyempisha; alijipenyeza mwenyewe, akisema samahani, samahani, kama mgeni. Akapiga magoti mbele ya mkewe, akamwita jina lake. Topista alijifunika kanga mabegani, akamwambia aliyekaa pembeni kwamba upepo wa mlimani umeanza. Mtoto peke yake ndiye aliyemtazama. Alimtazama mzee usoni, akatabasamu kwa ufizi mtupu. Shadiah, aliyekuwa nyuma, alitamani ardhi ipasuke.

Akamtafuta Griffin, akamvuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mzee akiwafuata. Alimweleza yote bila kupamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Griffin alimkumbuka, na alimsikiliza mpaka mwisho, lakini uso wake ulikuwa ukikaza. Alisema kama baba yake yu hai, kama amesimama hapo anapomwonyesha, basi mwenye macho haambiwi tazama, mbona yeye haoni? Kisha akasema jambo ambalo Shadiah hakuwa amelifikiria. Mtoto wake alikuwa anakufa. Jina lile ndilo lililomrudisha. Kama jina lina mwenyewe aliye hai, na mwenyewe amekuja kulichukua, mtoto atabaki na nini?

“Na kama baba hajafa,” aliuliza, “aliyekuja kwa mama ndotoni ni nani?”

Shadiah alimtazama mzee. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba huko Yei, mwezi ule wa pili, aliota yuko mlangoni kwake anabisha, na Topista hafungui. Hayo Griffin hakuyasikia.

Muda ulikuwa unakwenda, na wazee walikwisha kusimama. Shadiah akafanya anachokijua. Kosa kwenye hati hukatwa kwa mstari mmoja, na aliyelikosea hutia sahihi yake pembeni. Alitoa nakala ya tangazo, akaiweka juu ya goti, akapiga mstari juu ya neno marehemu, akatia sahihi.

Mkekani mtoto akapiga ukelele. Si kilio, ukelele mmoja, kisha kimya. Watu wakaruka. Griffin akakimbia. Kutoka nyuma ya nyumba Shadiah aliwaona wakimwinua mtoto, mwili umekakamaa, midomo imekuwa ya kijivu. Na katika fujo ile yote, Topista peke yake hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye migomba, pale mzee aliposimama, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kutamka jina.

Miaka minane mzee aliuogopa mtazamo ule, na miezi mitatu aliutafuta. Aliupata kwa muda wa pumzi mbili. Shadiah alimwona akinyoosha mkono kuelekea kwa mkewe, kisha akamwona akiushusha.

“Lirudishe,” alisema.

“Mzee, amekuona. Nusu dakika tu—”

“Lirudishe, binti yangu. Mimi miaka minane nilikuwa hai nikajifanya maiti. Mtoto huyu hajajifanya kitu.”

Shadiah aliliandika tena juu ya ule mstari, herufi kwa herufi, akatia sahihi. Uwanjani mtoto akavuta hewa, akaanza kulia kilio cha kawaida, kile cha njaa na hasira, na wanawake wakamshukuru Mungu kwa vigelegele. Topista alishusha macho, akaonekana kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akampokea mjukuu wake.

Mzee sasa alikuwa hafifu kiasi kwamba Shadiah aliona majani ya migomba vizuri kuliko uso wake. Alimwuliza kama kwenye mkoba kuna fomu nyingine. Zilikuwepo. Akamwambia ajaze, jina la zamani Wilson Mafabi, na kwamba analiacha kwa hiari yake, yeye na vyote vinavyofuatana nalo. Shadiah alimwuliza anajua anachoacha. Mzee akasema anajua: nyumba, ukoo, mahali pa kuzikwa, na yule mwanamke pale mkekani.

“Na jina jipya?”

“Lolote. Lisiwe la kwetu, lisije likamdhuru mtu.”

Kichwa cha Shadiah kilikuwa kitupu. Yeye ambaye hujaza kurasa, alikosa neno moja. Majina yote yaliyomjia yalikuwa na wenyewe, na wote wazima. Mwishowe akaandika la baba yake mwenyewe, Wahab, kwa kuwa kwao jina la aliye hai halimuui mtu. Mzee akatia sahihi. Wino ukashika. Ukashika mweusi, ukalowesha karatasi, na Shadiah akagonga mhuri ambao hakuwa na ruhusa ya kuugonga.

Akasogea pembeni mbio akapiga simu nyumbani. Iliita mara nyingi mno. Kisha baba yake akapokea, analalamika kwamba watu wote wamekwenda sokoni na hakuna aliyemwachia chakula. Shadiah alimwambia anampenda. Baba yake akauliza kama amelewa.

Griffin alirudi na hasira, kumwambia Shadiah aondoke na uchawi wake. Alipofika akasimama ghafla, akamtazama mzee. Akamsalimu kwa heshima, mikono miwili. Akamwuliza Shadiah kwa nini hakusema amekuja na mtu, na huyu mzee ni nani. Shadiah alitazama uso wa mwana na uso wa baba, jinsi pua zilivyofanana, akasubiri. Hakuna kitu. Akajibu kwamba ni Mzee Wahab wa Jinja, alikuwa dereva njia moja na marehemu. Basi Griffin akalainika, akawaingiza hemani, na watu wakasogea kuwapa nafasi.

Shina lilishushwa saa saba na nusu. Padri alisoma, wazee walisema yaliyo ya wazee, na kila mtu akatupa udongo. Mzee Wahab alitupa wake kama wengine, si mwingi, si kidogo. Alipanguza mikono kwenye suruali, akarudi kuketi. Shadiah alitaka kumshika mkono, lakini mbele za watu ingekuwa aibu, akabaki anaukunja mkoba wake magotini.

Baada ya mazishi Topista alizunguka mwenyewe kuwashukuru wageni waliotoka mbali. Alifika kwao na sahani mbili za matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi, akaziweka, akaketi mbele yao, maana miguu ilikuwa inamuuma. Alimtazama mzee kama tunavyomtazama mtu yeyote mwema. Akasema ameambiwa kwamba alimjua mume wake.

“Kidogo, mama,” mzee alijibu. “Barabarani.”

Topista akasema leo amepumzika. Alisema miaka minane watu wa soko walimcheka, wakimwambia mumewe hakuungua, ana mwanamke huko Sudani, anakula raha, huku yeye Topista anaosha koti lake. Maneno hayo yalimla kuliko msiba. Hata wazee walipokataa kumzika, aliona ni kama wanaamini hivyo hivyo. Kisha karatasi ya serikali ikaja ikasema ni marehemu, na wote wakanyamaza.

“Maana mimi namjua Mafabi,” alisema. “Angekuwa hai hata siku moja, angeniletea habari. Sivyo, bwana?”

Shadiah aliangalia chini. Hakutaka kuona.

“Angeleta, mama,” alisema mzee. “Angeleta.”

Topista akamshukuru, akamsogezea sahani karibu, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa, akainuka kwenda kwa wageni wengine.